Fundi Alikuja Kubadili Koili, Akatubadilia Shangazi

Ghorofa ya kwanza, juu ya kibanda cha fundi viatu,
Mlango wa kijani (si ule wa kijani uliofifia, huo ni wa jirani).

Kwa Mkuu wa Karakana ya Mabomba na Maji ya Moto.

Ndugu Mkuu wa Karakana,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KAZI ILIYOFANYWA VIZURI KUPITA KIASI

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na mafundi wako wote isipokuwa mmoja, ambaye afya yake sina haja ya kuiulizia, kwa kuwa kila jioni naiona imekaa kwenye kiti changu.

Mimi ni mchonga mihuri. Bila shaka umewahi kuiona kazi yangu hata kama hunijui: IMEPOKELEWA, NAKALA, IMEFUTWA. Nakueleza hili ili ujue unaandikiwa na mtu anayepima maneno, maana neno likishachongwa kwenye mpira huwezi tena kusema ulikuwa unatania. Wala sina tabia ya kulalamika. Nyumbani kwetu kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe ni Shangazi. Ni mdogo wake marehemu baba yangu, tumbo moja. Mama yangu alipofariki nikiwa bado mdogo, Shangazi alihamia kwetu na sanduku lake akisema anakaa wiki moja tu, mpaka mambo yatulie. Mambo hayajatulia hadi leo, nami sasa nina mke, watoto na upara. Maisha yake ya kazi aliyamaliza akisimamia chumba cha dobi hospitalini, ambako mashine zilinguruma kutwa nzima, akazoea kusema kwa sauti ya kuzishinda. Alipostaafu, mashine zilibaki kazini, sauti akaja nayo nyumbani. Hakuwahi kuolewa. Alikuwa akisema hajaona mwanaume anayejua kukunja shuka.

Tulikuwa tunaishi vizuri. Kisha boila ikafa. Lile tangi la maji ya moto lililofungwa ukutani bafuni lilianza kutoa maji ya uvuguvugu, halafu ya baridi, halafu ya baridi yenye dharau. Shangazi akaligonga kwa kiganja, akatega sikio, akasema, "Koili imekwenda." Koili, kama ujuavyo kuliko mimi, ni ule mkono wa chuma unaokaa ndani ya tangi na kuchemsha maji. Nikapiga simu kwenu. Laiti ningejikaza nikaoga baridi!

Mkatuletea fundi mnayemwita Taratibu. Malalamiko yangu dhidi yake ni haya yafuatayo.

1. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Huenda kwako hili ni dogo. Kila fundi aliyewahi kuingia kwetu, wa madirisha, wa kabati, hata yule wa kuzibua sinki, aliingia na viatu vyake na Shangazi akampokea kwa swali lile lile: "Hicho unachokanyaga ni sakafu au barabara?" Baada ya hapo fundi hufanya kazi kwa adabu na kuondoka mapema. Siku hiyo Shangazi alikuwa amekwisha kufungua mdomo. Taratibu akainama, akafungua kamba, akavipanga viatu vyake kando ya ukuta, visigino vikiwa sawa. Mdomo wa Shangazi ukabaki wazi bila kazi. Ilibidi autumie kwa jambo fulani, akasema, "Karibu." Mke wangu mwenyewe, siku nilipomleta nyumbani, aliambiwa afute miguu.

2. Alizima umeme kwenye swichi kuu, kisha akatoa testa akazijaribu nyaya moja baada ya nyingine. Shangazi akamwuliza kwa nini anapima kitu alichokizima mwenyewe. Badala ya kunyamaza, kama mtu anayeheshimu nyumba ya watu, akajibu, "Mama, nikifia hapa, atakayepata taabu ya kusafisha ni wewe." Shangazi akamtazama kwa muda mrefu. Mtazamo ule naujua. Ndio anaoutumia sokoni akikuta nyanya isiyo na doa.

3. Mpira. Ili koili itoke, lazima kwanza tangi limwagwe maji. Hilo nalielewa. Lakini mpira ambao karakana yako ilimpa fundi huyu ni mwembamba kama mrija wa soda, na koki ya chini ya tangi letu ilikuwa imejaa chokaa, kwa hiyo maji yalitoka kama mtu anayelazimishwa kutoa siri. Mpira ulipitishwa dirishani kuelekea mtaroni, na kwa kuwa ulikuwa unarukaruka, ulihitaji mtu wa kuushika. Nikajitolea. Shangazi akanisukuma kwa nyonga. Wakasimama pale, yeye ameshika mpira, fundi ameshika koki, tangu chai ya asubuhi mpaka fundi viatu wa chini alipofunga kibanda kwenda kula.

Nilipita mlangoni mwa bafu mara nyingi kuliko ilivyolazimu, na haya ndiyo niliyoyasikia. Kwamba alifiwa na mkewe zamani. Kwamba watoto wake wanajitegemea na hupiga simu wakikumbuka. Kwamba shuka zake anazifua mwenyewe. Shangazi akamwuliza anazikunjaje. Fundi akaachia koki, katikati ya saa za kazi yenu, akachukua taulo langu, akamwonyesha: kona juu ya kona, ubavu juu ya ubavu, mwisho akalipigapiga kama mtu anayemlaza mtoto. Hapo ndipo "mama" ilipokufa, ikazaliwa "bibie." Shangazi akasahau kwamba ameshika mpira. Mpira ukamponyoka, ukarukaruka huko nje, ukavilowesha viatu vya wateja vilivyoanikwa chini, na aliyekwenda kuomba radhi ni mimi.

Ndugu Mkuu, mpira mpana ungemaliza kazi ile kabla hawajafika kwenye shuka. Sisemi karakana ina makosa. Nasema tu mpira mpana upo madukani.

4. Koili ilikataa kutoka. Fundi akaivalisha spana kubwa, akavuta, ikakaa pale pale. Nikakunja mikono ya shati. Shangazi akaniambia, "Wewe mikono yako ni ya mihuri, kaa pembeni." Nikakaa pembeni katika bafu langu mwenyewe. Akaishika spana pamoja na fundi, mkono wake juu ya mkono wa fundi, kwa sababu, alisema, mpini ni mfupi. (Ombi dogo kwa mtunza stoo wenu: mipini mirefu.) Wakahesabu pamoja, wakavuta, koili ikaachia ghafla na wote wawili wakakaa sakafuni kwa kishindo. Koili yenyewe ilikuwa imevimba kwa chokaa, nyeupe, imepasuka katikati. Shangazi akaipokea mapajani akasema, "Masikini."

Nilipovunjika mkono utotoni hakuniambia masikini. Aliniuliza nilikuwa natafuta nini juu ya ukuta.

5. Koili mpya ikaingia na washa yake mpya, ile pete ya mpira inayozuia maji yasivuje, maji yakafunguliwa ili tangi lijae. Mimi nilitaka umeme uwashwe papo hapo, maana nilikuwa nimekwisha kulikunjua lile taulo na kulivaa. Fundi akakataa. Akafungua bomba la maji ya moto, likakohoa, likapiga chafya, likatema hewa, naye akasimama analisikiliza mpaka maji yalipotoka bila kukatika. "Taratibu," akasema. "Koili ikiwashwa tangi halijajaa, inajiunguza yenyewe." Nikadhani ni habari za mabomba. Wakati wa chakula Shangazi akayarudia maneno hayo, kijiko kikiwa hewani, akinitazama mimi na mke wangu kwa zamu. Mke wangu akashusha pumzi akasema, "Kweli kabisa." Tangu siku hiyo natembea nikijiuliza mimi ni lini nilionekana sijajaa.

6. Kazi iliisha siku ile ile. Lakini fundi alirudi kesho yake kuangalia kama panavuja. Hapakuvuja. Akarudi keshokutwa kuhakikisha kwamba bado hapavuji. Nimeishi na mabomba yanayovuja maisha yangu yote na hakuna fundi aliyewahi kurudi. Sasa nina bomba zima na fundi haondoki. Nikamwambia kwa upole kwamba nadhani tangi limepona. Akapitisha kidole kwenye maungio, akasema washa mpya inahitaji kuzoea. Nikauliza inazoea kwa muda gani. Shangazi ndiye aliyejibu, kutoka jikoni: "Inategemea na watu wa nyumba."

7. Ile koili mbovu, ambayo kwa mtu mwenye akili timamu ingekwenda jalalani, fundi aliondoka nayo. Akaibandua chokaa, akaipiga msasa, akaisugua mpaka ikang'aa, akairudisha ikiwa imeviringishwa kwenye gazeti. Wanaume wengine huleta manukato. Shangazi akaitundika sebuleni, kwenye msumari wa picha yangu, ile niliyopigwa siku nilipofungua duka, nimeshika muhuri wa kwanza kama mtu aliyeshika samaki mkubwa. Picha yangu sasa ipo nyuma ya mlango wa choo. Wageni wakija huuliza hicho ukutani ni kitu gani, na Shangazi huwajibu, "Ni kitu kilichofanya kazi peke yake muda mrefu." Kisha huenda kuongeza chai.

8. Shangazi amenyamaza. Hili ndilo limenishinda. Haulizi tena nani ameacha bomba wazi. Haulizi kama sisi ni wamiliki wa kampuni ya umeme. Mwanangu mkubwa aliingia na viatu vya tope mpaka sebuleni, akasimama katikati ya chumba akisubiri, na hakuna kilichotokea. Akarudi mlangoni akavivua mwenyewe, huku machozi yanamtoka. Fundi viatu alipanda ngazi kutuuliza kama tumepata msiba, kwa kuwa alizoea kuamshwa na sauti ya Shangazi na sasa anachelewa kufungua. Mimi na mke wangu, ambao ugomvi wetu wote ulikuwa unaamuliwa na Shangazi kabla haujakomaa, tumelazimika kuzungumza wenyewe kwa wenyewe. Tulianza na dirisha la chumbani, kama lifungwe au liachwe wazi. Mpaka naandika barua hii, liko nusu.

Kwa mke wangu sipati msaada wowote. Ananiambia, "Mwache mama wa watu naye apumue." Apumue! Kana kwamba kuna mtu alikuwa amemkalia.

9. Mwisho wa yote, posa. Fundi alikuja amevaa koti, ameongozana na dada yake mkubwa, wakakaa, wakasema wana neno. Kwa kuwa baba yangu hayupo na upande wake nimebaki mimi, jibu linatakiwa litoke kwangu. Tafakari, Ndugu Mkuu. Natakiwa nitoe ruhusa ya kuolewa kwa mtu ambaye hadi juzi nilikuwa namwomba ruhusa nikitaka kubadili kituo cha redio.

Nilijaribu kuwa mzee. Nikakohoa. Nikamwuliza fundi anafanya kazi gani, ingawa kazi yenyewe ilikuwa inachemka nyuma ya ukuta na wote tunaisikia. Shangazi alikuwa nyuma ya pazia, eti hayupo, lakini uvumilivu ukamshinda. "Kaa wima unapomwuliza mtu!" likasema pazia. Nikakaa wima. Nikamwuliza kama ni mtu wa hasira. "Hatusikii huku!" Nikauliza upya. Fundi akafikiri, akasema hasira anayo kidogo, kwa watu wanaokaza nati bila kuweka washa. Dada yake akathibitisha kwa kichwa, na kwa uso wake ilionekana yamemkuta. Nikasema nitawapa jibu nikishafikiri. Pazia likavuta pumzi. Katika maisha yangu yote ni jibu la kwanza ambalo Shangazi hakulisahihisha, nami sikulifurahia hata kidogo.

Ndugu Mkuu, niruhusu niweke namba pembeni kidogo. Mimi sijawahi kuishi katika nyumba ambayo Shangazi hayumo. Taa ya ukumbini sijawahi kuizima hata siku moja. Kila nikiamka naikuta imezimwa, na hadi wiki hii sikuwahi kujiuliza inazimwa na nani. Nimeanza kuzunguka nyumbani nikitazama vitu ambavyo nilidhani vinajifanya vyenyewe: kola ya shati langu, mkate uliofunikwa, ufunguo unaorudi kwenye ndoano yake. Kila ninachokigusa namkuta yeye. Naye sasa amelitoa lile sanduku lake chini ya kitanda, amelifuta vumbi, amelifungua lipate hewa, na akipita karibu nalo anatembea kama msichana anayengojea kuitwa nje. Sijui kama umewahi kumwona mtu aliyekulea akiwa na furaha ambayo wewe humo. Inachoma kuliko maji.

Kwa sababu hizo zote naomba yafuatayo:

(a) Koili ya zamani irudishwe ndani ya tangi. Ipo sebuleni, imepigwa msasa, haina kasoro yoyote isipokuwa kutofanya kazi. Maji yakirudi kuwa baridi Shangazi atarudi kukasirika, na mtu aliyekasirika hawazi mambo ya kuolewa; ushahidi wa hilo ni maisha yake yote mpaka koili ilipoungua. Nipo tayari kuoga baridi mpaka mwisho wa uhai wangu. Familia nitaifahamisha baadaye.

(b) Hilo likishindikana, fundi Taratibu ahamishiwe mahali pa mbali, akakague mabomba yanayovuja kweli.

(c) Hilo nalo likishindikana, karakana itupatie shangazi mwingine. Mnapobadili koili mnaleta yenye urefu ule ule na nguvu ile ile, na sioni kwa nini utaratibu ubadilike kwa binadamu. Awe na sauti inayofika chini bila kufungua dirisha. Ajue kunyoosha kola. Asimwogope daktari, mwenye nyumba, wala mimi. Awe ananifahamu tangu nikiwa naburuta kamasi, na awe amewahi kukaa na mimi hospitalini siku mkono wangu ulipofungwa plasta, kitini, nguo zikiwa zinanuka sabuni ya dobi, akiwagombeza wauguzi mpaka nikapata usingizi. Nafahamu kwamba sharti hili la mwisho linaweza kuisumbua stoo yenu.

Mpaka nitakapopata majibu yako, posa ile sitaijibu. Nimeigonga barua hii muhuri wa HARAKA na muhuri wa SIRI, na kwa kuwa nilikuwa nayo mihuri mezani, nimegonga pia NYARAKA DHAIFU, SHIKA KWA UANGALIFU, ambao ni wa mteja lakini hajaja kuuchukua.

Wasalimie mafundi wote hapo karakana, mtunza stoo, na dada wa mapokezi aliyepokea simu yangu siku ile kwa sauti ya upole bila kunionya. Wasalimie na waliowaacha majumbani kwao. Mke wangu anakusalimu, ingawa hajui nimekuandikia nini. Watoto nao wanakusalimu. Wameoga, wananukia, na hawajui wanachoshiriki.

Ni mimi, ninayesubiri maji yapoe,

Mchonga Mihuri,
Mlango wa kijani.

Nyongeza: Anayekuletea barua hii ni mlalamikiwa mwenyewe. Anakuja kazini kwako asubuhi hii, na mimi mtaa mzima sina mwingine wa kumkabidhi bahasha ya siri nikabaki na amani. Hataifungua. Alipopita kuichukua aliingia jikoni kusalimia, akasema jambo ambalo sikulisikia, na Shangazi akacheka. Ndugu Mkuu, sikujua kwamba anacheka hivyo. Alicheka mpaka akashika meza. Mke wangu akasimama na sufuria mkononi, watoto wakatoka chumbani kuja kutazama, nami nikajikuta nasema, "Jibu langu ni ndiyo." Kwa kicheko kile hakuna aliyenisikia, ikabidi niseme tena. Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu yasome ukipenda, ila usiyatekeleze. Mpe fundi ruhusa ya harusi, na si ya siku moja, wiki nzima. Leo usimcheleweshe, maana mchana tunakwenda naye kutafuta viti vya kukodi. Nawe mwenyewe uje. Upande wa bibi harusi tuko wachache, na nitafurahi ukikaa kwetu.